Sura ya Saba: Marando ya Kupamba

Rando la kiazi kitamu halina bei. Viazi vikishavunwa, marando hutupiwa mbuzi, huachwa yakauke juu ya tuta, au hupewa jirani anayetafuta mbegu. Sokoni majani yake hufungwa mafungu ya matembele na kupangwa kando ya mchicha, na anayenunua anawaza nazi na kitunguu, hawazi bustani. Huko Marekani mmea huohuo huuzwa mche mmoja mmoja, kila mche na kikopo chake cha plastiki, na watu huununua upya kila mwaka kwa sababu baridi imeua ule wa mwaka jana. Hawafuati viazi. Wanafuata majani: meusi yanayokaribia rangi ya zambarau, ya kijani kibichi kinachoelekea njano, au yenye mabaka ya waridi na meupe.

Sisi ambao marando yanatuzunguka mwaka mzima tumechelewa kuyaona kwa jicho hilo. Sura hii ni ya kurekebisha hilo, kwa msomaji mwenye baraza, dirisha, ngazi ya ghorofa au kipande cha uwanja. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mmea huu haubembelezwi. Wengi wanaoshindwa nao wameuzidishia wema: maji mengi, mbolea nyingi, na huruma ya kutoukata.

Ni kiazi kilekile

Hakuna aina ya pekee ya mmea iitwayo kiazi cha maua. Marando ya kupamba ni Ipomoea batatas, spishi ileile ya kiazi kinachochemshwa asubuhi na kunywewa chai. Asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Ndugu zake tunao pia: ule mmea utambaao juu ya mchanga wa fukwe za Bahari ya Hindi, wenye maua ya zambarau na unaojulikana pwani kama mlakasa, ni wa jenasi hiyohiyo ya Ipomoea. Atakayelinganisha maua ya mlakasa na ya kiazi kilichoachwa kichanue ataona undugu huo papo hapo.

Kinachofanya kiazi kuwa na sura nyingi ni urithi wake. Viumbe wengi hubeba seti mbili za kromosomu. Kiazi kitamu kina seti sita, jumla yake kromosomu 90. Mbegu inayotoka katika ua lake huchanganya mambo kiasi kwamba mtoto hafanani na mama wala na nduguye. Ndiyo sababu mkulima hapandi mbegu ya ua bali rando: kipande cha shina hutoa mmea uleule, jani kwa jani, rangi kwa rangi. Na ndiyo sababu Afrika Mashariki, ambako zao hili limepandwa kwa vizazi vingi na kujiotea lenyewe kwa mbegu mara kwa mara, ina aina nyingi mno. Zipo zenye majani ya umbo la moyo, zipo zenye vidole vitano virefu, zipo ambazo ncha zake changa hutoka na rangi ya zambarau kisha zikageuka kijani zikikomaa.

Huku kwetu watafiti wameitumia tofauti hiyo kutafuta lishe. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, watatu kati yao kwa kazi ya viazi lishe vyenye nyama ya rangi ya chungwa na vitamini A: Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde na Jan Low wa Marekani, wote wakiwa wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi chenye makao yake Lima, Peru. Swali lao lilikuwa chini ya udongo: kiazi kiwe na nini ndani?

Wazalishaji wa mapambo waliuliza swali la juu ya udongo. Katika miaka ya 1990 aina mbili zilienea katika bustani za Marekani. Moja ni 'Blackie', yenye majani ya zambarau iliyokolea hadi kuonekana meusi, yaliyochanika vidole. Ya pili ni 'Margarita', yenye majani mapana ya kijani-njano yanayong'aa hata ukiyatazama kutoka ng'ambo ya barabara. Allan Armitage, profesa wa bustani katika Chuo Kikuu cha Georgia, alikuwa mmoja wa waliozitangaza sana. Ikawepo na 'Tricolor', yenye majani madogo ya kijani, meupe na waridi.

Aina hizo za kwanza zilikuwa na kasoro moja: zilitambaa kupita kiasi na kufunika kila kilichopandwa nazo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Craig Yencho na Ken Pecota wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina wakatoa kundi la 'Sweet Caroline', lenye mashina mafupi zaidi, matawi mengi na rangi za kuchagua, kuanzia shaba hadi zambarau. Wataalamu haohao wawili ndio waliozalisha 'Covington', kiazi cha kula kinachotawala mashamba ya North Carolina, jimbo linaloongoza Marekani kwa viazi vitamu. Meza moja ya utafiti imetoa cha sufuria na cha baraza.

Rangi hutoka juani

Weusi wa majani unatokana na rangi iitwayo anthosayanini, ileile inayoipa kabichi nyekundu na rosela rangi zao. Mmea huitengeneza kwa wingi unapopigwa na jua. Rando jeusi likiwekwa chini ya mwembe litaishi, tena litarefuka, lakini baada ya majuma machache majani mapya yatatoka ya kijani chenye uchafu wa kahawia. Mwenye nalo atadhani limeugua au ameuziwa aina bandia. Halijaugua. Lisogeze mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, na majani yatakayozaliwa huko yatakuwa meusi. Yale ya zamani hayatabadilika, yakate.

Mbolea nayo ina neno katika rangi. Naitrojeni nyingi hurefusha pingili, hupanua majani na kuyavuta kuelekea kijani. Anayemwagia urea ili rando lake jeusi "lichangamke" anaufukuza weusi kwa mkono wake.

Aina za kijani-njano zina tabia nyingine. Majani yake yana klorofili kidogo, na huungua kwa urahisi kwenye jua kali la mchana. Zipande mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, ukuta wa mashariki wa nyumba kwa mfano, na usiache udongo wake ukauke kabisa. Zikikaushwa na jua la Februari la Dar es Salaam au Mombasa, kingo za majani huungua na kuwa kahawia. Zenye mabaka meupe ni dhaifu kuliko zote na hukua polepole, kwa kuwa sehemu nyeupe ya jani haijitengenezei chakula. Zikitoa tawi la kijani kitupu, liondoe mara moja. Lina nguvu kuliko mengine na likiachwa litameza kopo zima.

Chombo na udongo wake

Chombo chochote chenye tundu chini kinafaa: chungu cha udongo, ndoo iliyovunjika mshikio, dumu lililokatwa, beseni kuukuu, tairi. Tundu ndilo sharti. Rando huvumilia kiu. Haliwezi kukaa ndani ya matope. Toboa matundu manne au matano chini ya ndoo, kisha iinue juu ya vipande vya tofali ili maji yapate pa kwendea. Kokoto nyingi ndani ya ndoo hazisaidii pale ambapo tundu limeziba kwa kukaa sakafuni.

Kwa chombo cha upana wa sentimita 30, rando moja linatosha, na ukitaka kijae upesi, panda matatu. Kina cha sentimita 25 kinatosha kwa mizizi. Udongo uwe mwepesi: sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya mchanga usio wa chumvi, na sehemu moja ya samadi iliyooza hadi ikapoteza harufu. Pwani, nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa na kusuuzwa huchukua nafasi ya mchanga vizuri sana, hasa kwa vikapu vya kuning'inia, kwa kuwa ni nyepesi na hushika unyevu. Baada ya hapo, konzi moja ya samadi juu ya udongo kila baada ya mwezi au mwezi na nusu inatosha.

Kumwagilia hakufuati kalenda. Chomeka kidole hadi kiungo cha kwanza. Ukikuta pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini, ukikuta unyevu, acha. Ndoo nyeusi ya plastiki juani wakati wa kiangazi huenda ikadai maji kila siku. Chungu cha udongo kilichowekwa barazani wakati wa masika huenda kisidai chochote kwa juma zima. Na usidanganywe na majani yanayolegea saa saba mchana: mara nyingi ni joto, na jioni huwa yamesimama tena. Yakiamka asubuhi yamelegea bado, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi, na jambo la kwanza kukagua ni kama udongo umekauka au umeloa hadi mizizi inaoza. Dalili za juu za matatizo hayo mawili zinafanana. Tiba zake zinapingana.

Chombo kimoja chenye mimea kadhaa kinapendeza kikiwa na ngazi tatu: wa kusimama, wa kujaza katikati, na wa kumwagika pembeni. Rando ndilo la kumwagika. Wa kusimama unaweza kuwa mchaichai, krotoni au kana. Wa kujaza unaweza kuwa vinka, yenye maua meupe au ya waridi yasiyokoma. Rando jeusi pamoja na vinka nyeupe na mchaichai ni mchanganyiko wa gharama ndogo ambao hauoni haya mbele ya bustani ya hoteli. Rando la kijani-njano hupendeza chini ya krotoni nyekundu. Usichanganye rangi zote katika chombo kimoja: jicho linakosa pa kutulia.

Kutambaa ardhini

Kwenye ardhi, marando ni zulia la haraka. Panda kwa umbali wa sentimita 30 hadi 45, mwanzoni mwa mvua, na katika miezi miwili hivi udongo hautaonekana. Kila kifundo kinachogusa ardhi yenye unyevu hutoa mizizi, jambo linaloyafanya yafae kushikilia mteremko unaomomonyoka wakati wa mvua kubwa. Sifa hiyohiyo ndiyo kero yake. Ukiyaacha yakajitia mizizi kwenye njia au katikati ya nyasi, utayang'oa mwaka mzima. Pita kila majuma mawili, yainue yaliyovuka mpaka, uyarudishe ndani au uyakate.

Yanataka joto. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe au Limuru, yatadumaa miezi ya Juni na Julai, na jalidi likishuka usiku mmoja litayaua yote ya juu. Huko ni afadhali kupanda kwenye vyombo vinavyoweza kuingizwa ndani. Msomaji anayeishi Ulaya au Amerika Kaskazini ana kazi hiyo kila mwaka: apande nje baada ya jalidi la mwisho la majira ya kuchipua, na kabla ya baridi kuanza akate vipande vichache, avitie ndani ya glasi ya maji kwenye dirisha lenye mwanga, avitunze hivyo hadi joto lirudi.

Mkasi

Hapa ndipo palipo na siri ya mmea wenyewe. Rando lisilokatwa hurefuka kwa shina moja au mawili, hubaki uchi karibu na shina mama, na baada ya miezi michache chombo kinakuwa na kamba ndefu zenye majani mwishoni tu. Mwenye nalo huona huruma kulikata kwa sababu limekuwa refu. Urefu huo ndio ugonjwa wake.

Tazama kinachotokea ukikata. Ncha ya rando ina chipukizi dogo ambalo hutengeneza homoni, na homoni hiyo hushuka kwenye shina na kuyazuia macho ya pembeni yasichipue. Kila jani lina jicho lake kwenye kikwapa, limelala. Shika ncha kwa kidole gumba na cha shahada, uivunje juu tu ya jani la tatu au la nne. Utomvu mweupe utatoka na kunata kwenye vidole, utakauka wenyewe. Amri ya kuzuia imekatika. Baada ya siku chache, kwenye vikwapa vya majani ya juu yaliyobaki, utaona vichomozo vidogo vyenye rangi iliyokolea kuliko ya majani makubwa. Shina moja limekuwa mawili au matatu. Yakifika urefu wa kiganja, vunja ncha zake nazo. Ukifanya hivyo tangu mche una majani sita, utapata kichaka kinachomwagika pande zote, wala hutahitaji mbolea ya kukijaza.

Likishazeeka, punguza bila woga hadi ubaki na sentimita 15 hivi kutoka kwenye udongo, umwagilie, ungoje. Litarudi.

Kilichokatwa hakitupwi. Chukua kipande cha sentimita 20 hadi 30 kutoka upande wa ncha, chenye vifundo vinne au zaidi, ondoa majani ya nusu ya chini, kisha ukifukie vifundo viwili au vitatu ndani ya udongo wenye unyevu, kivulini. Au kitie kwenye glasi ya maji: kabla juma halijaisha, mizizi myeupe hutoka kwenye vifundo. Mche mmoja unaweza kujaza uwanja katika msimu mmoja wa mvua.

Wageni wasioalikwa

Matundu kwenye majani kwa kawaida ni kazi ya panzi, viwavi na mbawakawa wadogo wa mgongo wa kuba, wengine wakimeta rangi ya dhahabu. Kwenye bustani ya nyumbani waokote kwa mkono asubuhi na ukate majani yaliyoharibika. Mmea huu huyafidia upesi kuliko dawa inavyoweza kufanya kazi.

Wawili ni wazito zaidi. Wa kwanza ni fukusi wa viazi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu ambaye ukimtazama haraka utadhani ni sisimizi. Hutaga kwenye sehemu ya chini ya shina na kwenye viazi, akipitia nyufa za udongo mkavu. Shina huvimba na kupasuka, na kiazi huwa kichungu kisicholika. Dawa ni usafi: usiache udongo upasuke, pandisha udongo kufunika shina, na ng'oa mmea ulioshambuliwa pamoja na viazi vyake vyote.

Wa pili ni ugonjwa wa virusi, ambao huwa mkali pale virusi viwili vinapokutana ndani ya mmea mmoja, kimoja kikiletwa na vidukari na kingine na inzi weupe. Majani huwa madogo, yamejikunja, na mmea hudumaa. Katika aina za rangi usitegemee umanjano kuugundua. Angalia ukubwa na umbo la jani. Hakuna dawa ya virusi. Ng'oa, choma, na usichukue kamwe kipando kutoka kwenye mmea huo.

Kwa sababu hizo mbili, anayelima viazi vya kula asiweke marando ya kupamba karibu na shamba lake. Ya kupamba hukaa mwaka mzima, hayang'olewi msimu ukiisha, na hivyo huwapa fukusi na inzi weupe makazi ya kungojea msimu ujao.

Je, yanalika?

Yanalika, kwa kuwa ni kiazi. Lakini kulika si kufaa. Aina za mapambo hazikuchaguliwa kwa ladha: viazi vyake mara nyingi ni vidogo, na ladha yake hafifu. Vinavyokua ndani ya chombo vinaweza kusukuma hadi ndoo ya plastiki ikatuna. Ukiona hivyo, mwaga udongo, toa viazi, na upande upya. Kiazi chenyewe ukikifukia kitatoa machipukizi, na hayo ni miche.

Majani yana sharti moja lisilo na mjadala. Mche uliotoka kwa muuza maua huenda ulipuliziwa dawa, na zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea na kukaa humo, hazioshwi kwa maji. Usile majani ya mche wa kununua. Kula ya vipando ulivyokuza mwenyewe bila dawa, baada ya kuota na kukua upya. Ukiyapika majani meusi, mchuzi utachukua rangi yake. Ladha utaamua mwenyewe. Kwa matembele ya nazi, ya kijani ya kawaida bado hayajapata mshindani.

Pa kuyapata

Aina za kigeni utaziona kwa wauza maua walio kando ya barabara za Dar es Salaam na Nairobi, mara nyingi bila jina. Chagua mche mfupi wenye matawi, si mrefu wenye shina moja, na ukague upande wa chini wa majani kama kuna inzi weupe.

Usiyalete kwenye begi kutoka ng'ambo. Kipando kimoja kinaweza kubeba kirusi kisicho na dalili, na viazi vitamu ni chakula cha mamilioni ya watu katika ukanda huu. Sheria inataka kibali: nchini Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, nchini Kenya na KEPHIS, shirika la kukagua afya ya mimea. Tena baadhi ya aina za Marekani zina hataza, na kuzizalisha kwa ajili ya kuuza bila idhini kunaweza kukuingiza matatani na mwenye nazo.

Wala huna haja ya kungoja za kigeni. Nenda shambani au kwa mama muuza matembele, uangalie mafungu yake: utakuta rando la vidole virefu, utakuta lenye ncha za zambarau, utakuta lenye shina jekundu. Omba vipande vitatu vya sura tofauti, uvipande jioni ya siku hiyohiyo kwenye ndoo yenye matundu, na vikitoa majani sita, vunja ncha. Hiyo ni bustani ya bei ya fungu moja la mboga. Ya kununua yatafuata baadaye, ukiona bado unayahitaji.